Friji ya Kuzimwa Usiku si Friji, ni Kabati

Joto la kaskazi limeingia, na malalamiko yanayotufikia sisi maafisa wa afya ya umma hapa Mombasa yanafanana. Nyumba nzima imeharisha, na tukiuliza chakula kililala wapi tunajibiwa: "Si kilikuwa ndani ya friji!" Ukidodosa, unaambiwa friji yenyewe huzimwa saa nne usiku na kuwashwa alfajiri, ili tokeni zisiishe.

Bei ya stima tunaijua, na sisi pia tunanunua tokeni. Hata hivyo, friji inatakiwa iwe nyuzi 5 au chini ya hapo, na friza nyuzi 18 chini ya sifuri, saa zote 24. Ikizimwa, hata mlango usipofunguliwa, baridi ya friji hudumu kwa takriban saa 4 tu. Ina maana kuanzia saa nane usiku tui, maziwa na mchuzi wako vinaingia kwenye joto ambalo viini vya maradhi hulipenda. Asubuhi unaiwasha, vinapoa tena, na ulimi hautambui lolote. Akiba yenyewe ni ndogo, kwa sababu kompresa hufanya kazi mfululizo kurudisha baridi iliyopotea.

Halafu, namba zilizo kwenye kidude cha kuzungusha si nyuzi. Namba 5 haimaanishi nyuzi 5. Katika friji nyingi namba ikipanda, baridi inazidi. Anayetaka uhakika aweke kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya katikati, akisome asubuhi.

Dhana inayotuchosha ni ile ya "nitakichemsha tena". Jodari na vibua wakikaa kwenye joto, nyama yao hujenga kemikali iitwayo histamini, na histamini haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa. Mlaji huiva uso, huwashwa mwili na moyo humwenda mbio, naye hudhani ana mzio wa samaki. Kwa hiyo samaki awe wa mwisho kununuliwa, awekwe kwenye barafu, na asikae juani kwenye mfuko huku unangoja feri ya Likoni. Pilau nayo huweza kuwa na Bacillus cereus, kiini ambacho sumu yake haivunjwi na moto wa kupasha kiporo. Sufuria ya pilau iliyolala juu ya jiko hadi asubuhi hairudi kuwa salama, hata ukiipasha mara tatu. Pilau ikishaiva, igawe kwenye vyombo vifupi, iache mvuke utoke, kisha iingie kwenye friji ndani ya saa 2; joto likizidi nyuzi 32, kama lilivyo mchana Mombasa miezi hii, saa 1. Na baridi haiui viini, huvichelewesha tu. Kiini kiitwacho Listeria huendelea kuzaana hata ndani ya friji.

Stima ikipotea, usifungue mlango. Friza iliyojaa hukaa na baridi saa 48 hivi, iliyojaa nusu hukaa saa 24. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu inaweza kugandishwa tena. Nyama mbichi ikae rafu ya chini, imefunikwa. Mpira wa mlango uliolegea ubadilishwe, na barafu isichokolewe kwa kisu.

Sasa tuje kwa wale wanaouza kutoka friza za nyumbani: barafu za ukwaju, juisi, sambusa za kugandisha, hasa Ramadhani inapokaribia. "Ni biashara ndogo tu" si utetezi. Chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, kuuza chakula kilichooza au kichafu ni kosa, na kuuza kunajumuisha hata kukiweka kwa nia ya kukiuza. Kwanza mahali pako pakaguliwe upate leseni ya usafi wa chakula, ambayo ni ya kila mwaka. Pili, kila anayeshika chakula apimwe na kupewa cheti cha afya, na apimwe upya kila baada ya miezi 6. Cheti cha dada yako hakikufai wewe. Tatu, kibali cha biashara cha kaunti. Afisa akija ana mamlaka ya kukagua, kuchukua sampuli, kuzuia chakula, na ikibidi kukupeleka mahakamani. Kwa kawaida tunaanza na notisi, basi isome notisi. Wengi huikunja na kuiweka juu ya friji hiyohiyo.

Ukishuku chakula kimekudhuru, usitupe kilichobaki. Kifunge kwenye mfuko safi, kiweke kwenye friji mbali na vingine, andika siku na saa uliyokila, ufike ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yako, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Anayeharisha damu, au mtoto aliyelegea, aende hospitali kwanza. Na tafadhali, msituletee samaki tumnuse tuwaambie kama analika. Kuna aliyekuja na nguru mzima ndani ya ndoo. Huduma hiyo hatuna.