Njia ya nyuma ya sevisi: wanayoamini watu na hali ilivyo

Nimewahi kufanya usafi wa usiku kwenye sevisi moja ya motowei huku England, yaani kituo cha kupumzikia madereva chenye vyoo, chakula na mafuta kando ya ile barabara kuu ya mwendo kasi, jina lake silitaji, na kila siku nilikuwa naingia kwa baiskeli kupitia kijiji cha jirani, barabara nyembamba ina miti huku na huku, halafu ghafla unatokea nyuma ya jiko kwenye mapipa ya taka. Kwahiyo nikisikia mtu anabisha kwenye sherehe eti "sevisi haina njia nyingine, lazima uwe kwenye motowei" nacheka tu. Ipo. Sevisi nyingi zina kabarabara ka nyuma, na ukifikiria kidogo utaona lazima kawepo, maana mpishi na mfagiaji wanakaa vijijini pale pale karibu, wengine hawana hata gari, sasa waende kuzunguka maili ishirini mpaka makutano, pale pa kuingilia na kutokea motowei, ndo wafike kazini?

Ila hapo ndo inazaliwa dhana ya pili, mbaya kuliko ya kwanza: "kama ipo basi nami napita". Hapana bana. Utaratibu wa serikali kwa England unasema njia ile ni ya wafanyakazi, magari ya kuleta mizigo, polisi na ambulensi na zimamoto, wanaokuja kuvuta magari yaliyoharibika, na wale wanaofanya kazi za barabara. Wewe unayetaka kahawa haumo. Utakuta bango la magari yenye ruhusa tu, au ile duara nyekundu yenye mstari mweupe, kwingine geti, kwingine nguzo zinazopanda na kushuka. Na msiniambie "satinavi ndo imenipitisha", kile kifaa cha kuelekeza njia kwenye gari hakijui bango limeandikwa nini, anayeshika usukani ni wewe.

Watu wanadhani ni roho mbaya tu. Nami nilidhani hivyo mwanzoni, mpaka usiku mmoja motowei ilifungwa kwa ajali na geti la nyuma lilikuwa limeachwa wazi, jamani, nusu saa haikuisha magari yanamiminika kutoka sevisi kwenda kijijini, malori nayo yamo, kile kibarabara gari mbili zikikutana moja inarudi nyuma. Ndo sababu yenyewe. Ukiiacha wazi, sevisi inageuka makutano ambayo hayajajengwa kuwa makutano, watu wanakata kona kukwepa foleni, wanakijiji hawalali, na ile njia ya kuingilia motowei inabeba magari ambayo haikupangiwa. Halafu serikali haitaki sevisi igeuke sehemu ya kwenda shopingi wakati lengo lake ni dereva apumzike, ndo maana mapendekezo yao ni sevisi zisiachane zaidi ya maili 28, kama nusu saa hivi ya kuendesha.

Kuna wale wa "kwa nyuma hakuna kamera, naegesha bure siku nzima napanda gari la mwenzangu tunaenda London pamoja". Jamaa yangu mmoja alifanya hivyo, barua ikamfuata nyumbani kabla hata ya mwisho wa mwezi. Kamera inasoma namba ya gari ukiingia na ukitoka, na geti la nyuma nalo linaweza kuwa na yake. Maegesho ya bure ni masaa mawili, hayo ni haki yako, baada ya hapo unalipia. Tena ile barua sio ya polisi, ni ya kampuni ya maegesho, ingawa hiyo haikumsaidia maana alilipa vilevile.

Na lazima ununue kitu ndo uende chooni? Hapana, choo ni bure, masaa 24, siku 365, hata Krismasi, hawawezi kukudai risiti. Hii nawaambia hasa wazee wetu wanaokuja kutembea, wanabana mkojo kutoka Birmingham mpaka Leeds kwa aibu ya kuingia mikono mitupu.

Kutembea kwa miguu je? Sheria inakataza watu wa miguu na baiskeli kwenye motowei yenyewe, sio kwenye jengo la sevisi. Wanaoomba lifti wanalijua hilo zamani, wanapita kijijini wanasimama karibu na pampu. Mabango mengi ya nyuma yanazungumzia magari, lakini soma la hapo ulipo kwanza.

Kosa lingine ni kudhani ukikosea upande unaweza kugeuzia ndani ya sevisi. Nyingi za zamani ni majengo mawili, moja kila upande, na daraja linalounganisha ni la watu, gari halipiti. Sevisi ya Charnock Richard kwenye motowei ya M6 iko hivyo tangu 1963, Leicester Forest East ya M1 nayo ina daraja lake. Ukitaka kugeuka endelea mpaka makutano yanayofuata, na usithubutu kurudi rivasi kwenye njia ya kuingilia. (Na wageni wa M1, sevisi ya Watford Gap haiko Watford ile ya jirani na London. Iko Northamptonshire, imepata jina kwa kijiji kingine kabisa kinachoitwa Watford, imekuwepo tangu 1959 na bado kuna watu wanashangaa wakifika.)

Sasa linalowachanganya wengi ni kwamba sio sevisi zote ziko hivyo. Zipo zilizojengwa kwenye makutano, unatoka motowei, unafika kiplefti, unaingia. Beaconsfield ya M40 kwenye makutano namba 2 iko hivi, na South Mimms pale M25 inapokutana na A1(M). Hizo mtu anayetokea barabara za kawaida anaingia mlango wa mbele kama wewe, hakuna bango la kumzuia. Kwahiyo kama shangazi anakuja na basi na mnataka mkutane njiani mumpokee, chagueni za namna hiyo, msimwambie dereva wa teksi wa kijijini apite geti la nyuma, atakataa, na akikubali atakuchaji zaidi.