Nguruwe pichani: nani alimtazama, nani alimsingizia

Katika pango la Leang Tedongnge, kisiwani Sulawesi nchini Indonesia, kuna nguruwe mwitu aliyechorwa ukutani kwa ngeu nyekundu, urefu wake sentimita 136. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulimpa umri usiopungua miaka 45,500. Kilichopimwa si rangi. Ni kipande kidogo cha chokaa kilichoota juu ya mguu wake wa nyuma. Ndani ya chokaa mna urani, metali yenye mionzi, ambayo hugeuka metali nyingine, thori, polepole, na uwiano wa viwili hivyo hueleza chokaa ilianza kuota lini. Kwa kuwa picha iko chini yake, lazima iwe kongwe zaidi. Mwaka 2024 pango jingine la kisiwa hicho, Leang Karampuang, lilitangazwa kuwa na nguruwe na maumbo matatu yanayofanana na watu, ya miaka 51,200 au zaidi.

Miaka hiyo hushangaza wengi, lakini mimi hubaki kwenye kichwa cha yule wa Tedongnge. Singa zimesimama utosini, na usoni ana chunjua mbili kama vipembe, alama ya dume lililokomaa. Aliyemchora alikuwa amemtazama mara nyingi, tena kwa karibu.

Wachoraji wa Ulaya hawakumtendea haki hiyo sikuzote. Bosch, mchoraji wa Uholanzi, kwenye sehemu ya jehanamu ya picha yake iliyoko jumba la makumbusho la Prado, Madrid, alimvisha nguruwe shela ya mtawa na kumfanya amkumbatie mwanamume. Ni picha ya kuchekesha na kutisha, ila hapo nguruwe ametumika kama tusi tu. Dürer, msanii wa Ujerumani, mnamo 1496, alimpigisha magoti mwana mpotevu katikati ya nguruwe. Kisa ni cha aibu, lakini nguruwe wenyewe wako kazini kwao: wanakula.

Rembrandt, Mholanzi mwingine, ndiye aliyerudi kutazama. Chapa yake ya mwaka 1643 ni ndogo. Nguruwe amelala mbele, miguu imefungwa, anasubiri kuchinjwa. Ukiisogelea utaona kila mkunjo wa ngozi na manyoya yake magumu yamekwaruzwa mstari kwa mstari juu ya bamba la shaba. Watu walio nyuma, watoto wakiwemo, wamechorwa kwa mistari michache, kama wapita njia. Wino mwingi na subira yote amepewa anayekwenda kufa.

Uingereza, karne ya 18 na ya 19, wafugaji walilipia picha za mifugo yao kwa ajili ya kujitangaza. Ndipo tukapata nguruwe wenye umbo la sanduku, tumbo likigusa ardhi, miguu kama njiti. Usidhani wachoraji wale hawakujua kuchora. Walikuwa wakimnenepesha mnyama kwa brashi ili mwenye pesa aridhike.

Mmarekani Jamie Wyeth hakuwa na mteja wa kumpendeza kwa namna hiyo. Mwaka 1970 alimchora nguruwe jike aitwaye Den Den, ubavu mzima, akiwa na ukubwa wake halisi. Katika kazi hiyo, Den Den alizifikia rangi za mafuta za mchoraji, akazila pamoja na mirija yake, na akapona.