Shaba ikishuka bei, mwanagenzi ndiye wa kwanza kufungiwa mlango

Wazazi wengi hapa Lubumbashi, Kongo, huhesabu mgogoro tangu siku wafanyakazi wanapoachishwa kazi. Sisi wakufunzi wa ufundi tunauona mapema. Patroni, yaani mwenye karakana, aliyezoea kupokea vijana sita anapokea wawili, kisha hapokei yeyote. Kumwachisha mtu kazi kuna malipo na mabishano, lakini kutompokea kijana hakumgharimu kitu siku hiyo.

Katikati ya 2008 tani ya shaba iliuzwa zaidi ya dola 8,000, na kufikia Desemba ilikuwa karibu dola 3,000. Tanuru ndogo nyingi za kuyeyushia shaba hapa kwetu Katanga zilizimwa. Mwisho wa 2010 bei ilikuwa imepita dola 9,000. Sasa piga hesabu: fundi umeme au wa kulehemu haivi kwa miezi michache. Anayehitajika bei ikipanda ni yule ambaye angeanza kujifunza wakati tanuru zimelala.

Jeraha la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ni la zamani zaidi. Mwaka 1986 ilitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba. Mwaka 2003 haikufikisha 20,000. Katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliofuata, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka. Tulizungumza sana juu ya mishahara yao, na ilistahili. Lakini wazee wale ndio waliokuwa wakimshika kijana mkono kwenye mashine, na elimu hiyo haikuandikwa popote.

Hata INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa 1964, haiko mbali na dhoruba hii. Waajiri huichangia kwa kiasi kinachokokotolewa kwenye mishahara wanayolipa. Mishahara ikipungua, mchango unapungua, wakati uleule vijana wasio na kazi wanapojaa mlangoni.

Kwa patroni wa Katuba au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, nasema hivi: mashine isiyo na kazi leo ndiyo saa nzuri ya kufundisha, maana siku za oda nyingi fundi wako hana nafasi hata ya kujibu swali.

Nawe mzazi, dai mkataba wa maandishi, kama Kanuni ya Kazi ya 2002 inavyotaka. Kila baada ya miezi mitatu mwombe fundi aandike na kusaini kazi ambazo mtoto tayari anazimudu. Karakana ikifungwa, karatasi hiyo itamsaidia kuendelea kwingine pale alipofikia, badala ya kuanza tena kwa kufagia.