Je, wajua kwa nini mtu aliyepooza anaweza kushikilia kwamba hajapooza?

Daktari anamwomba mgonjwa wa kiharusi, ambaye mkono wake wa kushoto umelala tu kitandani, apige makofi. Mgonjwa anainua mkono wa kulia, anaupunga mbele ya kifua, kisha anatulia kama aliyekwisha kutimiza agizo. Akiulizwa kama amepiga makofi, anajibu kuwa amepiga. Mwaka 1914 Joseph Babinski, daktari wa neva wa Paris, aliipa hali hiyo jina la anosognosia.

Wengi hudhani kwamba mgonjwa wa namna hii anaujua ukweli ila anaukwepa kwa uchungu au kwa kiburi. Dhana hiyo inaingia akilini kwa urahisi, hasa mgonjwa anapokuwa mtu mkubwa. Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu ya Marekani alipata kiharusi tarehe 31 Desemba 1974, mguu wake wa kushoto ukapooza, naye akawaambia waandishi wa habari kwamba anaupigia mpira. Alistaafu Novemba 1975, baada ya miezi ya kung'ang'ania kiti.

Hata hivyo, kama chanzo kingekuwa uchungu, waliopooza kulia na waliopooza kushoto wangeukana ugonjwa kwa kiwango kilekile. Haiwi hivyo: wanaoukana ni hasa wale walioumia nusu ya kulia ya ubongo, ile inayotawala upande wa kushoto wa mwili. (Tofauti hiyo huenda imekuzwa kidogo, kwa kuwa walioumia nusu ya kushoto mara nyingi hupoteza usemi na ni vigumu kuwahoji.) Isitoshe, kutojua huko huchagua. Mwaka 1899 Gabriel Anton, daktari wa Austria, alimweleza mshonaji mmoja aliyepofuka kwa sababu ya madhara ya ubongo na asitambue kabisa kwamba haoni, ilhali alilalamika waziwazi kwamba maneno yanampotea. Anayekimbia ukweli mchungu angeanza na upofu.

Lililo la ajabu zaidi ni maji. Maji baridi yakitiwa katika sikio la kushoto, ambamo mna kiungo cha mizani ya mwili, baadhi ya wagonjwa hukiri ghafla kwamba wamepooza, na baada ya muda mfupi hukana tena. Waliojaribiwa ni wachache na si wote walioitikia, lakini ni vigumu kuamini kwamba kiburi huyeyushwa na maji ya sikioni.

Basi hutokea nini? Maelezo yenye nguvu, ingawa hayatoshi kwa kila mgonjwa, yanahusu utabiri. Ubongo unapoagiza mkono uinuke, hutengeneza papo hapo picha ya mkono ulioinuka, kisha huilinganisha na taarifa zinazorudi kutoka kwenye misuli, ngozi na macho. Ni kama mtunza ghala anayeandika shehena kwenye leja siku anapoiagiza, akitegemea kwamba mkaguzi atahesabu magunia yakifika na kufuta yale ambayo hayakuja. Kiharusi kikimwondoa mkaguzi na kumwacha mwandishi, leja itaonyesha ghala limejaa, na mwenye mali akiulizwa ataapa kwa leja hiyo bila kusema uongo. Mgonjwa aliona agizo likitoka. Hakuna kilichomwarifu kwamba halikufika.

Wengine huenda mbali zaidi na kusema kwamba mkono huo si wao, ni wa daktari au wa ndugu. Mwaka 1996 madaktari wa Italia waliripoti habari za mwanamke aliyeukana mkono wake wa kushoto pamoja na pete zilizokuwa vidoleni. Pete hizohizo zilipohamishiwa mkono wa kulia, alizitambua mara moja kuwa zake. Vitu vyake vingine, ambavyo havikuwa na mazoea na mkono ule, alivitambua hata viliposhikishwa katika mkono wa kushoto. Kwa hiyo yaelekea ramani ya mwili iliyomo ubongoni haiishii kwenye ngozi, bali hubeba pia kile ambacho mkono umekivaa kwa miaka.