NAT64 kwenye Wi-Fi ya hosteli: hesabu poti kwanza

Tuseme umefunga Wi-Fi ya hosteli huko Malimbe na simu zote zinapata IPv6 tupu, yaani anwani za mtandao za kizazi kipya bila zile za zamani za IPv4. Tovuti ambazo bado ziko IPv4 pekee hazifunguki mpaka uweke mkalimani katikati. Kazi hiyo wanagawana wawili. DNS64, upande wa DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani), ndiye anayedanganya kwa nia njema: jina likikosa anwani ya IPv6, huchukua ile ya IPv4 na kuibandika nyuma ya kiambishi 64:ff9b::/96, kwa hiyo 203.0.113.5 husomeka 64:ff9b::cb00:7105. Pakiti ikifika, NAT64 huivua kichwa cha IPv6 cha baiti 40, huivika cha IPv4 cha baiti 20, kisha huitoa kwa anwani yako ya IPv4.

Kwenye Linux natumia Jool, programu ya NAT64. Washa forwarding (kupitisha pakiti) pande zote mbili, IPv4 na IPv6, pakia moduli ya Jool, kisha:

jool instance add mwanza --netfilter --pool6 64:ff9b::/96

Kwenye Unbound, seva ya DNS, module-config iwe "dns64 validator iterator", na dns64-prefix iwe ileile. Usipime kwa ping kutoka kwenye mashine yenyewe ya Jool. Haitajibu, maana Jool hunasa pakiti zinazoingia kutoka nje, si zinazozaliwa humo ndani. Mafundi wengi hubomoa kila kitu hapa, kumbe kazi iko sawa.

Kinachouma ni poti, namba zinazotenganisha miunganisho kwenye anwani moja. Usipotaja pool4 (orodha ya anwani na poti za IPv4 za kutumia), Jool hutumia 61001 hadi 65535, yaani poti 4,535 tu za TCP. Simu 100 zenye miunganisho 50 kila moja zinataka 5,000. Ni kivuko cha Kamanga: nafasi zikijaa, gari linalofuata linabaki gatini hata ziwa likiwa shwari. Tena muunganisho wa TCP ulionyamaza bila kufungwa hushikilia poti yake kwa saa 2 na dakika 4. Dalili yake hupotosha: jioni tovuti kadhaa zinagoma huku YouTube, yenye IPv6 yake, inacheza vizuri, na lawama zinaishia kwenye antena ya juu ya paa.

jool -i mwanza pool4 add 198.51.100.5 20000-60000 --tcp

Weka anwani yako halisi ya umma, kisha rudia kwa --udp na --icmp. Ukisahau hiyo ya mwisho, ping inakufa. Sogeza pia net.ipv4.ip_local_port_range iwe 60001 hadi 65535, mashine isigombee poti na wageni wake.

Programu iliyoandikiwa namba ya IPv4 moja kwa moja haiulizi DNS, hivyo DNS64 haiisaidii. Android hujiokoa kwa 464XLAT, mkalimani mdogo ndani ya simu, mradi DNS yako iijibu ipv4only.arpa, jina ambalo simu hutumia kugundua kiambishi. Printa na kamera za ulinzi hazina ujanja huo. Wala usizifikie za 192.168 kwa kupitia 64:ff9b::/96, kwani kanuni zinakataza kiambishi hicho kubeba anwani za ndani. Mimi huziacha kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) yao ya IPv4.