Mapanki yanahitaji wataalamu wangapi?

Watu wengi wakisikia mhadhara wa umma wa sayansi za jamii wanaona hayo ni mambo ya maprofesa wenyewe kwa wenyewe. Sio hivyo jamani. Nafundisha haya mambo kila siku na naomba nieleze kwa nini tunakaa meza moja watu wa fani tofauti, na kwa nini tunakutaka na wewe uwepo.

Chukua sangara. Alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kufika miaka ya 1980 kashajaa ziwa. Mtu wa baiolojia atakwambia furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, walivyopotea, aina mamia, na mchumi atakuonesha viwanda vya minofu Mwanza, ajira, pesa za kigeni, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na wote wawili wanasema kweli.

Ila sogea kwa mama anayekaanga mapanki, yaani kile kichwa na mifupa inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Karai liko motoni, vichwa vinageuzwa kimoja kimoja, kuni ziko pembeni. Zamani akina mama wa ziwani walikuwa wananunua furu kwa mvuvi wanawaanika juani basi, mtaji mdogo tu, lakini sangara ana mafuta mengi, jua peke yake halimkaushi, lazima umbanike au umkaange, kwa hiyo unatafuta kuni, na samaki mzima kashachukuliwa na mwenye gari la barafu. Sasa hapo niambie, hilo ni suala la mazingira, la biashara au la wanawake? Mimi nimeshindwa kulikata vipande, na ndiyo maana siamini mhadhara wa fani moja.

Utamaduni huu tunao siku nyingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi za kina Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, historia, sheria na uchumi vilikuwa vinabishana ukumbi mmoja, na mwaka 2008 kikaanzishwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti cha uprofesa chenye jina lake, Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia.

Kwahiyo ukija usikae nyuma kabisa, na usiogope maiki, uliza kwa Kiswahili chako. Kinachoniuma ni pale maswali yanapoanza na wenye vyeo halafu muda unaisha.

Mara moja tulikuwa tunaongelea mwaka 1999, Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa letu kwa sababu ya watu waliokuwa wanavua kwa sumu, tukaeleza hasara ya viwanda vizuri tu. Kijana mmoja akasimama akauliza: "Na yule wa mwaloni aliyekuwa anavua kwa nyavu zake, hana sumu yoyote, yeye alifidiwa na nani?" Tulitazamana pale mezani. Mhadhara uliofuata tuliuanzia kwenye swali lake.