Je, wajua kwa nini wavuvi wa dagaa huikwepa mbalamwezi?

Mama anayeniuzia dagaa sokoni Mbuyuni, hapa Moshi, ana jibu moja kwa kila anayelalamikia bei: "Mwanangu, mwezi unawaka." Kwa miaka nilidhani ni lugha ya biashara tu. Ziwa liko Mwanza, bahari iko Tanga, sisi tuko chini ya mlima. Mwezi na kisado changu wapi na wapi?

Tena nilikuwa na hoja. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za LED. Nikawafananisha na kumbikumbi wanaoivamia balbu ya barazani mvua ikikatika. Kama wanapenda mwanga, basi mwezi mpevu ungekuwa sikukuu: ziwa zima linang'aa, samaki wote juu, kazi ni kuchota. Nilishawahi kumweleza hivyo huyo mama. Alinifungia dagaa wangu kimya kimya.

Nilikuwa nimekosea mara mbili. Kosa la kwanza ni la wadudu. Mwaka 2024 watafiti waliotumia kamera za kasi walionyesha kuwa nondo na kereng'ende huizunguka taa huku wameigeuzia mgongo. Usiku, upande wenye mwanga kwa kawaida ni angani, na mdudu huelekeza mgongo huko ili aruke sawasawa. Balbu ikiwaka ubavuni inamvuruga. Hajaja kustarehe, juu na chini vimempotea.

Kosa la pili ni la dagaa wenyewe. Taa huvuta vijidudu vidogo vya majini, ambavyo ni chakula chao. Dagaa hula kwa kuona, na hutembea kwa makundi kwa kuonana. Kiza kikiwa totoro, kundi hutawanyika. Ipi kati ya sababu hizi ina uzito zaidi, wataalamu bado wanabishana. Huenda jibu halifanani kila mahali, maana dagaa wa Ziwa Victoria na wa Ziwa Tanganyika si ukoo mmoja wa samaki. Wamekutana kwenye jina, na kwenye taa.

Sasa, kwa nini mwezi uharibu? Chukua mtaa wa Majengo umeme umekatika. Giza kote, isipokuwa kibanda kimoja cha chipsi chenye jenereta. Mwenye njaa anakwenda pale, mwenye kutafuta wenzake anakwenda pale, anayeogopa mbwa naye anasogea pale. Umeme ukirudi, taa ya kibanda haijapungua hata chembe, ila hakuna anayeiona tena. Kilichopotea ni giza la mtaa.

Majini ni hivyo hivyo. Mwanga wa taa hufifia haraka: ukienda mbali mara mbili, unabaki robo, na maji nayo yanakula sehemu yake. Karibu na mtumbwi taa inaushinda mwezi kwa mbali sana. Ushindani uko pembeni, pale mwanga wa taa unapolingana na ule unaotoka juu. Usiku wa kiza mpaka huo uko mbali na taa moja inaita eneo kubwa. Mwezi ukiwa mpevu mpaka unarudi hadi karibu na mtumbwi. Juu ya hayo, vijidudu vingi havipandi karibu na uso wa maji usiku wenye mbalamwezi, na anayevila hubaki navyo chini.

Ndiyo maana kwenye ghuba iliyotulia, usiku wa kiza, wavuvi huziacha taa zielee na kusubiri, kisha huzivuta polepole, samaki wakizifuata hadi kwenye wavu. Siku za mwezi mpevu wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu.

Mama wa Mbuyuni hayuko sahihi kila mara, hata hivyo. Dagaa wakavu huanikwa juani kabla ya kupakiwa, kwa hiyo mvua ya kanda ya ziwa nayo inaweza kupandisha bei bila mwezi kuhusika.

Lakini hesabu yake ya siku ni nzuri. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, na baada ya hapo huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila usiku. Usiku wa tatu baada ya mwezi mpevu, wavuvi wana saa mbili na nusu hivi kabla haujachomoza, na zinatosha kuwasha taa tena. Wiki iliyopita aliniambia nisubiri hadi Alhamisi. Nilisubiri.